Usiku nane na matanga magharibi ya Uskoti: tupite wapi, tuache wapi?

Kasia Moja ameuliza:

Wakuu, habari za leo.

Tuko marafiki sita, tumejuana tangu chuo, na mwaka huu wanne kati yetu tunafikisha miaka arobaini. Badala ya sherehe ya ukumbini tumekubaliana twende tukasafiri kwa matanga Uskoti, upande wa magharibi, mwezi Juni. Boti tumeshaweka oda: futi 38, vyumba vitatu, tunaichukua Oban Jumamosi na kuirudisha Jumapili ya wiki inayofuata. Usiku nane.

Wawili wetu wana cheti cha Day Skipper (unahodha wa ngazi ya mwanzo) cha RYA, chama cha matanga cha Uingereza, na wenye boti wamekubali kutukodisha bila nahodha wao. Mimi nimesafiri nao mara tatu, kamba nazijua na usukani naushika. Waliobaki ni abiria, na mmoja wao hata kwenye kivuko hutapika. Anakuja kwa sababu anatupenda, na sitaki ajute.

Rasimu yangu ni hii: Oban, Tobermory, Coll, Barra, Harris, kisha tushuke Skye, Rum, Eigg, Staffa, Iona na kurudi Oban. Nimepima kwenye ramani, wastani ni kama maili 35 za baharini kwa siku. Kwa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) hiyo ni saa saba. Naona inawezekana.

Ila tulichotaka ni likizo ya polepole. Kuamka bila haraka, kutia nanga mapema, kupika, kutembea nchi kavu, kuzungumza. Waliozunguka huko, niambieni ukweli: ratiba hii inaruhusu hayo? Kama la, nikate wapi? Na yule rafiki yetu tumsaidieje?

---

Mkaazi wa Leith amejibu:

Mkuu, mimi si mtu wa matanga, natembea visiwa hivyo kwa vivuko, kwa hiyo nitasema ninayoyajua tu.

Juni mmechagua vizuri. Mei na Juni kwa kawaida ndiyo miezi yenye mvua kidogo upande ule, na jua huzama baada ya saa nne usiku. Mtakula chakula cha jioni nje na bado mnaonana nyuso. Lakini msidanganywe na mwanga huo, maji ni ya baridi hata katikati ya kiangazi, nyuzi 12 hadi 14 hivi. Kofia ya sufu na glavu ni vitu vya Juni kule. Na usubi! Upepo ukitulia jioni wanatoka kwenye nyasi kwa maelfu, wanaingia hadi masikioni. Upepo mdogo tu unawazuia, kwa hiyo nyie wa majini mna bahati, tieni nanga mbali kidogo na ufuko.

Mkishuka nchi kavu, sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu popote mradi aheshimu mazao, mifugo na nyumba za watu. Fungeni mageti mnayoyafungua. Ratiba nawaachia wanaojua bahari.

---

Tezi na Omo amejibu:

Kasia Moja, nimesoma ratiba yako mara mbili, na nitakuambia kama ninavyomwambia mdogo wangu: hiyo ni ratiba ya meli ya barua.

Hesabu yako ya saa saba kwa siku ni sahihi kwa boti inayokwenda mstari ulionyooka, upepo ukiwa ubavuni, mkondo ukiwa upande wako. Siku za namna hiyo zipo na ni tamu. Lakini upepo wa kule mara nyingi hutoka kusini-magharibi au magharibi, na ndiko Barra iliko. Kutoka Coll mtakuwa mnabisha, mnakwenda huku na huku mkipandisha upepo, na maili 45 zitakuwa 65. Bahari ile, iitwayo Bahari ya Hebrides, iko wazi. Mawimbi yanakuja kutoka Atlantiki bila kizuizi. Huyo rafiki yenu atalala sakafuni akiomba nchi kavu, na likizo yenu itaishia hapo.

Mimi ninaishi Glasgow, kusafiri kwa matanga nilijifunza mkono wa bahari wa Clyde, na Juni iliyopita nilikuwa nahodha wa boti kama yenu. Tulikuwa watano. Usiku tisa, na jumla tulikwenda kama maili 140 tu. Nitakusimulia, kisha ukate mwenyewe.

Jumamosi hatukutoka. Tulipokea boti mchana, tukapakia vyakula, tukajifunza choo (hilo ni somo la kweli, kila mtu afundishwe pampu na bomba lake kabla ya kuondoka), tukalala palepale. Jumapili tulisubiri maji. Ukitoka Oban kuelekea mlango wa Mull (mlangobahari baina ya kisiwa cha Mull na bara) unapita baina ya mnara wa taa wa Lismore na mwamba uitwao Lady's Rock, na hapo mkondo unakimbia na kuchemka. Inasimuliwa kwamba mkuu mmoja wa ukoo wa Maclean, katika karne ya 16, alimweka mkewe juu ya mwamba huo maji yakiwa yamekupwa ili yakijaa yamchukue. Wavuvi wakamwokoa. Ngome ya Duart, nyumba ya Maclean hao, unaiona waziwazi kutoka mwambani, na sisi tulipita hapo kimya kabisa, mkondo ukitusukuma kutoka nyuma kama mkono. Maji yakijaa yanakwenda kaskazini-magharibi ndani ya mlango ule, kwa hiyo ukiondoka kwa saa yake unabebwa. Ukikosea saa unakaa unaiangalia Duart mchana kutwa.

Tuliishia Loch Aline (loch ni ghuba au ziwa). Maili kumi na mbili hivi. Saa tisa alasiri nanga iko chini, chai iko mezani. Mmoja wetu aliuliza, "Ndiyo basi?" Nikamwambia ndiyo basi. Kufika jioni alikuwa amelala juu ya sitaha kitabu kiko kifuani.

Jumatatu Tobermory, maili kumi na tatu nyingine. Nyumba zake za rangi zimejipanga mbele ya maji, nyekundu, njano, buluu, na nyuma yake msitu unapanda mlimani. Chini ya maji ya ghuba hiyo kuna mabaki ya meli ya Kihispania iliyolipuka mwaka 1588, ikiwa miongoni mwa zile zilizoshindwa kuivamia Uingereza. Sisi tulifunga boya la wageni, tukala samaki na chipsi gatini, tukajaza maji na mkate. Jumanne mvua ilinyesha kutwa, tukabaki. Wawili walikwenda kwa miguu hadi mnara wa Rubha nan Gall kwa njia ya msituni. Sisi wengine tulikaa ndani, taa imewashwa, madirisha yana ukungu, tukazungumza habari ambazo kwa miaka kumi ya simu na ujumbe hatukuwahi kuzigusa. Siku ile haikuwa kwenye ratiba yoyote.

Jumatano tukazunguka Ardnamurchan. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo safari yenu inaamuliwa. Ni ncha inayochomoza magharibi kuliko karibu bara lote la Uingereza, na utabiri wa hali ya hewa wa maji ya pwani unakatika hapo hapo: eneo moja ni kutoka Mull of Kintyre hadi Ardnamurchan, jingine ni kutoka Ardnamurchan hadi Cape Wrath. Walioligawa walijua. Kusini yake umefichwa na Mull, kaskazini yake umefunguliwa. Sikilizeni maeneo yote mawili kwenye redio ya VHF kabla ya kuizunguka. Sisi tulipita upepo ukiwa noti 12 kutoka kusini, wimbi refu la Atlantiki likitupandisha na kutushusha taratibu, na mnara wa taa wa 1849, uliojengwa kwa mawe ya Mull yenye rangi ya waridi, ukasogea ubavuni kwa muda wa karibu saa nzima. Kuna desturi kwamba boti iliyoizunguka ncha hiyo inarudi imefunga kitawi cha heather (kichaka kidogo cha maua) omoni, mbele ya boti. Chetu kiko ndani ya daftari langu la safari mpaka leo.

Tulikuwa tumepanga kulala Eigg, kisha Skye. Lakini asubuhi ile utabiri ulitaja upepo wa kusini-magharibi kugeuka magharibi, nguvu 7 kwa kipimo cha Beaufort, yaani karibu na dhoruba, kuanzia Alhamisi usiku. Bandari ya Eigg siipendi katika hali hiyo. Tukapita, tukaenda moja kwa moja Canna.

Nataka nikuelezee Canna, kwa sababu tulikaa usiku tatu na ndicho kisiwa ninachokiota. Bandari yake iko baina ya Canna na kisiwa kidogo cha Sanday, vimeunganishwa kwa daraja. Iko wazi mashariki tu. Karibu na gati kuna mwamba ambao mabaharia wa miaka mingi wameuandika majina ya boti zao kwa rangi, mengine yamefifia hata hayasomeki. Kisiwa kizima ni mali ya National Trust for Scotland tangu 1981, alipokitoa John Lorne Campbell, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya nyimbo na hadithi za Kigaeli. Wakaazi ni wachache kiasi kwamba siku ya pili wanakujua. Duka halina muuzaji: unaingia, unachukua, unaandika daftarini, unalipa, unafunga mlango. Nilisimama ndani ya duka lile saa tatu usiku, jua bado linamulika rafu za biskuti, nikihesabu sarafu zangu kwa uangalifu ambao sijawahi kuwa nao mbele ya muuzaji yeyote.

Na kuna kilima, Compass Hill, ambacho mawe yake yana chuma kiasi cha kuvuta dira za meli. Tulipanda na dira ya mkono kuona. Sindano ilikuwa ikiyumba kama imesahau njia.

Sasa nikuambie pia tulipokosea, maana bandari ile ina jambo. Chini yake kuna mwani mnene wa kelpu, mashina kama kiganja cha mtu. Maboya ya wageni yalikuwa yamejaa tulipofika, tukatia nanga. Nilirudisha boti nyuma kwa injini, polepole, nikaona imeshika, nikaridhika. Nilipaswa kuvuta kwa nguvu na sikuvuta. Ijumaa saa saba usiku upepo ukawa unashuka kutoka milimani kwa mapigo, kimya, kisha pigo, kimya, kisha pigo. Rafiki yangu aliyekuwa zamu aliniita kwa sauti ya chini. "Mnara wa kanisa umehama." Tulipolala mnara wa kanisa ulikuwa umelingana na ncha ya gati, sasa ulikuwa umeachana nayo kwa upana wa mkono. Nanga ilikuwa inaburura.

Kwa bahati, usiku wa Juni huko hauwi mweusi kabisa, kaskazini hubaki mwanga wa kijivu. Tulivaa jaketi za kujiokolea juu ya nguo za kulalia, tukawasha injini, tukang'oa. Nanga ilipanda na mzigo wa mwani mkubwa kuliko kikapu cha nguo, na hakuna hata chembe ya mchanga kwenye makucha yake. Tuliukata kwa kisu cha mkate. Tukatia mara ya pili, haikushika. Mara ya tatu tulitafuta doa jeupe lisilo na mwani, tukatoa mnyororo mrefu zaidi, nikavuta nyuma kwa injini yote hadi mnyororo ukanyooka kama fimbo. Ikashika. Hakuna aliyerudi kulala. Tulipika uji wa oti, tukanywa tukiangalia mnara wa kanisa usihame.

Jumamosi upepo ulilegea, tukateremka kusini hadi Gometra, ng'ambo ya Mull. Jumapili bahari ikawa imelala, nasi tukaenda Staffa. Pale hapana mahali pa kulaza boti, na mawimbi yakiwa yamebaki tangu dhoruba huwezi hata kushuka. Tuligawana: watatu wakaenda na kidau cha mpira, wawili wakabaki kuizungusha boti taratibu, kisha tukabadilishana. Nguzo za mawe zenye pembe sita zimesimama ubavu kwa ubavu mpaka ndani ya pango la Fingal, na maji yakiingia mle yanatoa mngurumo ambao unausikia tumboni kabla ya masikioni. Juu, kwenye majani, kuna ndege wa pafini wenye midomo ya rangi. Ukikaa kitako bila kusogea wanakukaribia. Inasemekana wakiona watu wako karibu wanaona wako salama dhidi ya shakwe wakubwa. Nilikaa karibu saa nzima, na mmoja alisimama umbali wa hatua mbili na samaki wadogo wamening'inia mdomoni. Wanakuwapo kama kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, nyie mtawakuta.

Jioni tukafika Iona, vivuko vya wageni wa mchana vimekwisha kuondoka. Ndiyo saa ya kufika Iona. Columba alitua hapo mwaka 563 akitoka Ireland, na watu wamekuwa wakisali pale kwa karne nyingi. Njia ni ya miguu tu, magari ya wageni hayaruhusiwi. Tulitembea hadi fukwe za kaskazini, mchanga mweupe, maji ya kijani, na hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Mlangobahari wa Iona una mkondo mkali na sehemu za kina kifupi, kwa hiyo boti tuliilaza ng'ambo, upande wa Mull, mahali paitwapo Bull Hole. Jumatatu tukarudi Oban kwa kupita kusini ya Mull, mbali kabisa na miamba ya Torran. Siku hiyo tulikwenda zaidi ya saa sita.

Skye hatukuiona ila milima yake kwa mbali. Barra hatukuikaribia. Coll hatukuigusa.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu: acha kuhesabu visiwa vya kufika. Chagua bandari nne ambazo mkizuiwa siku mbili mtafurahi. Tobermory ni mojawapo, Canna ni nyingine. Loch Aline inatosha. Ya nne nakuachia. Halafu siku mbili kati ya nane zisiandikwe kitu.

---

Maji Mafu amejibu:

Dada Tezi na Omo amemaliza karibu yote, asante dada. Naongeza moja ambalo Kasia Moja hakuliuliza, lakini mtu ataliuliza ndani ya boti siku ya tatu: "Twende tukaone Corryvreckan?"

Ni mlango baina ya Jura na Scarba, kusini mwa Oban. Chini ya maji kuna mwamba uliosimama kama jino, na mkondo ukipita juu yake kwa kasi inayozidi noti 8 unajikunja na kuchimba mashimo. Maji yakijaa yanakwenda magharibi, na yakikutana na upepo wa magharibi hapo hupanda kuta za maji. Mngurumo unasikika maili kadhaa. Mwandishi George Orwell aliishi Barnhill, kaskazini mwa Jura, na Agosti 1947 alipita karibu na hapo kwa boti ndogo ya injini akiwa na mwanawe wa miaka mitatu na vijana wa dada yake. Alikuwa amekosea majira ya maji. Injini iling'oka, wakajitupa juu ya kisiwa cha mwamba, mpaka wavuvi wa kamba-mawe wakawaona. Huyo alikuwa mkaazi wa hapo, siyo mgeni.

Watu wenye uzoefu hupita, tena salama, kwenye maji mafu (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo), upepo ukiwa mdogo, katika zile dakika chache mkondo unapogeuka. Nimepita mara moja hivyo, na maji yalikuwa laini kama mafuta, yakizunguka polepole. Hata hivyo mikono yangu ilikuwa na jasho. Kwa Day Skipper wawili na wenzao wanne, nasema msiende.

Na kabla ya tarehe kuwa imekauka: angalieni mwezi. Kama bado mnaweza kusogeza safari kwa wiki moja, epukeni bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na mikondo yote niliyoisoma hapa, Lismore, Iona, yote, inaongezeka nguvu. Wiki ya maji mafu itawapa saa pana zaidi za kuondoka asubuhi, na hilo ndilo mnalolitaka, kuamka bila haraka.

---

Kasia Moja amejibu:

Wakuu, nimesoma nikiwa nimekaa na wenzangu wawili, tumesoma kwa sauti. Barra imekatwa. Harris imekatwa. Skye tulibishana kidogo, nayo imekatwa. Maji Mafu, nimeangalia mwezi: Jumamosi yetu ni siku tatu baada ya robo ya kwanza, kwa hiyo bamvua inatukuta mwishoni mwa safari. Nitawapigia wenye boti kesho.

Dada Tezi na Omo, bandari ya nne nimeiweka Eigg kwa sababu nimesoma kwamba wakaazi walikinunua kisiwa chao wenyewe mwaka 1997, na tangu 2008 wanajiendeshea umeme wao wa maji, upepo na jua. Nataka kuona mahali kama hapo. Umesema huipendi bandari yake, ni hatari?

Na yule rafiki yetu wa kutapika hujamgusa. Ndiye anayenitia wasiwasi kuliko mawimbi.

---

Tezi na Omo amejibu:

Eigg si hatari, niwe wazi. Upepo ukiwa mdogo ni pazuri na watu wake ni wakarimu, gati lina mkahawa na duka. Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5 kwa wakati mmoja, na wanaishi hivyo bila kelele. Pandeni An Sgùrr, mita 393, ule mwamba ulioinuka kama pezi. Kule juu mtaiona Rum mbele yenu na Ardnamurchan mliyoipita nyuma. Ila iweke kama kituo cha mchana, na ulale pale utabiri ukiwa umetulia tu. Ukiulizwa bandari ya nne ya kulala kwa raha hata kukiwa na upepo, mimi ningesema ghuba iitwayo Loch na Droma Buidhe. Iko mkabala na Tobermory, mlango wake mwembamba, ndani ni kama bakuli lenye miti. Hakuna duka, hakuna nyumba za kuhesabu. Wanyama wa baharini waitwao sili wanakuja kukutazama.

Kuhusu rafiki yako. Nilikuwa naye mmoja kama huyo, na nilikosea siku ya kwanza: nilimwambia akapumzike ndani. Ndani ndiko kubaya zaidi. Macho yanaona ukuta umetulia na mwili unahisi unayumba, na tumbo linashika upande wake. Siku ya pili nilimpa usukani. Alikataa, nikasimama nyuma yake, nikamwambia aichukue Duart iliyo mbali kule aiweke nyuma ya bega lake la kushoto na asiangalie chini. Baada ya nusu saa alikuwa anaimba. Anayeshika usukani anajua boti inakwenda wapi kabla haijaenda, na mwili wake unatulia.

Dawa za kutapika ameze mapema, usiku kabla ya kuondoka, siyo wakati ameshaanza. Amuulize mfamasia, nyingine huleta usingizi. Ale kidogo kidogo, biskuti ya tangawizi, mkate mkavu, na asiachwe akapata baridi. Wakati wa kuzunguka Ardnamurchan asipike na asipelekwe chini kutafuta kitu cha mtu. Ukifuata njia yetu, una maili kumi na mbili siku ya kwanza na kumi na tatu ya pili, zote ndani ya mlango wa Mull ambako mawimbi makubwa hayafiki. Hizo ndizo siku za mwili wake kuzoea. Asubuhi ya Ardnamurchan ikifika, muulizeni yeye kwanza. Akisema hapana, mna Loch Sunart nzima ya kuzunguka, na kuna basi la Tobermory hadi Craignure na kivuko cha kumrudisha Oban kama akitaka kabisa. Mwambie hayo kabla ya safari. Mtu anayejua mlango uko wapi hukaa chumbani kwa amani.

Wa kwetu alifika mpaka Iona. Usiku ule wa nanga pale Canna, aliyeona mnara wa kanisa umehama alikuwa yeye.

Wenye boti wakikujibu kuhusu tarehe, niandikie hapa nikusaidie kupanga saa za kuondoka Oban kwa jedwali la maji la wiki hiyo.